UZI: Tunaokula kwa kupiga potreti, tuambiane ukweli wa hii biashara

MzeeWaFlashi:
Habari za wikiendi wakuu. Inbox imejaa swali moja tu, "kaka nataka kuanza kupiga potreti kama kazi, ninunue kamera gani", nimechoka kumjibu mmoja mmoja kwa hiyo acha nimwage yote hapa na wenzangu wa fani mkiona nimepotoka mnirekebishe. Niko Dar, nina kastudio kadogo Sinza, harusi nilishaachana nazo, kinacholipa ada za watoto wangu ni potreti. Mtu anakaa mbele yangu, nampiga, anaondoka na sura yake.

Swali la kamera tulimalize haraka maana halina utamu. Kamera yoyote ya maana ya miaka kumi na kitu iliyopita inatosha. Canon 80D, Nikon D750, 5D Mark III, zote used zipo. Ukienda kununua muombe muuzaji akuonyeshe shata kaunti, yaani kamera imeshapiga picha ngapi tangu itoke kiwandani, 80D kiwandani wanaihesabia shata 100,000, hizo mbili zingine 150,000, akianza kujiumauma kuhusu hiyo namba muage kwa heshima uondoke. Lenzi anza na 50mm f/1.8, kwenye 80D yenye sensa ndogo inakuwa kama 80 hivi, inakulazimisha urudi nyuma kidogo na ule umbali ndio unaofanya pua ya mteja isivimbe. Mwenye fuli fremu, yaani sensa kubwa kama ya hizo mbili zingine, achukue 85mm f/1.8. Basi. Hela inayobaki weka kwenye taa, TAA MOJA tu, na oktaboksi (lile boksi la kitambaa la pembe nane la kulainisha mwanga) kubwa ya sentimita 90 mpaka 120. Mimi natumia Godox AD200 kwa sababu ina betri yake, inapiga flashi kama 500 za nguvu yote kwa chaji moja, umeme ukikatika katikati ya kazi mteja hata hajui. Zile za kuchomeka ukutani ni bei poa lakini utakuja kuwaambia watu "tusubiri umeme urudi" huku mekapu inayeyuka.

Sasa hapa ndio nataka mnisikilize. Wengi wanaofunga studio hawafungi kwa sababu picha zao mbaya, kuna jamaa namjua anapiga vizuri kuliko mimi na sasa hivi ni bodaboda. Wanafunga kwa sababu wanauza picha kwa idadi. Picha moja elfu kumi. Mteja anakuja na nguo nne, mnapiga masaa mawili, mnacheka, mnakunywa soda, mwisho anachagua tatu, anakupa elfu thelathini, halafu zile zingine anakuomba "nitumie tu wasap hivyohivyo bila kuediti". Hapo umeuza nini? Umeuza nusu siku yako kwa elfu thelathini.

Piga hesabu na mimi, ni mfano tu wewe weka namba zako. Kodi ya chumba 350,000 kwa mwezi. Umeme 60,000. Bando 50,000. Nauli, usafi, maji ya wateja, taa ikifa, weka 90,000. Kamera ya 2,400,000 ukisema itakaa miaka minne maana yake kila mwezi inakula 50,000 hata kama huioni ikila. Hiyo tayari 600,000 hujajilipa hata senti. Jilipe 800,000, wewe sio mzimu unakula. Jumla 1,400,000. Ukipata vikao vitano kwa wiki, yaani mteja kuja kukaa kupigwa mara tano, na kwa anayeanza vitano ni vingi sana, kwa mwezi ni ishirini, kila kikao kinatakiwa kiingize 70,000 ndio ufike sifuri. Chini ya hapo wewe ndio unamlipia mteja apigwe picha.

Kwa hiyo mimi nauza KIKAO. Saa moja na nusu, nguo mbili, picha kumi zilizoeditiwa, na print moja kubwa iko ndani ya bei, hiyo print nitarudi kuieleza. Akitaka picha zaidi anaongeza hela, akitaka nguo ya tatu anaongeza hela. Nusu analipa kabla sijaandika jina lake kwenye daftari na ile nusu hairudi, akipata dharura nasogeza tarehe mara moja. Tangu niweke huo utaratibu watu wa "kaka niko njiani" halafu hawatokei wamepungua wenyewe.

La pili, mteja wa bethidei ni mtamu lakini bethidei ni mara moja kwa mwaka. Tafuta anayerudi. Ofisi za mawakili, wahasibu, hospitali binafsi, NGO, kila baada ya muda wanaajiri na kila mtu mpya anahitaji hedishoti, ile picha ya kikazi ya uso na mabega, inayofanana na za wenzake kwenye tovuti. Ukiwapiga mara ya kwanza ukaandika vizuri taa ilikaa wapi, umbali gani, bakigraundi gani, umewafunga, maana akija mpiga picha mwingine picha hazitafanana. Naenda na kitambaa cha kijivu na taa yangu moja, nafunga kwenye chumba chao cha mikutano, watu thelathini wanapita kuanzia asubuhi mpaka saa tisa. Ila ofisi hailipi kwenye namba ya simu ya mtu. Wanataka TIN, leseni ya biashara, jina limesajiliwa BRELA, akaunti ya benki yenye hilo jina, risiti ya EFD. Na watakukata kodi ya zuio 5%, usigombane nao ni sheria, dai cheti cha zuio maana hiyo hela inahesabika kwenye kodi yako TRA, watu wengi wanaiacha ipotee hivihivi. Na watachelewa kulipa, mwezi mpaka miwili, kwa hiyo usiingie huko mfukoni huna kitu.

Nimeandika sana. Maswali karibuni.

Kijana_wa_Mbagala:
Mkuu shkamoo na asante kwa somo ila hii 70,000 ni ya Sinza, huku kwetu Mbagala mtu ukimwambia elfu 70 anakuangalia kama umemtukana mama yake. Huku picha ni buku buku unaprinti palepale, mimi nina kamera ya Nikon D3200 na printa ndogo, nazunguka kwenye ubarikio, ngoma, mahafali ya chekechea. Sasa mtu kama mimi hizo ofisi nazipatia wapi?

tajiri_mtoto:
Uzi mzuri lakini mnajidanganya wazee, simu zimeshaua hii kazi. Simu ya sasa inablai nyuma yenyewe, inalainisha uso yenyewe, na sasa hivi kuna AI unaweka selfi nne inakutolea hedishoti na suti juu. Baada ya miaka mitatu mtabaki mnapigana picha wenyewe kwa wenyewe 😂

MzeeWaFlashi:
@tajiri_mtoto ile suti ya AI nimeiona, wakili mmoja alikuja kwangu kwa sababu hiyohiyo, wateja wake wakifika ofisini hawamtambui. Simu imeua kitu kimoja kweli, picha ya "nipige hapa nipost". Hiyo imeondoka na hairudi sibishi. Lakini mtu anayekuja studio leo anakuja kwa kuwa anataka MTU amwambie geuza bega, shusha kidevu, pumua, huo mkono usiuminye kwenye mwili. Watu wengi hawajui kukaa mbele ya kamera na wanaogopa. Nusu ya kazi yangu ni mdomo, nikikaa kimya dakika mbili tu mteja anaanza kujishika shati.

@Kijana_wa_Mbagala marahaba mdogo wangu. Wewe uko kwenye biashara nyingine na wala sio mbaya, buku ukiuza picha mia mbili kwa siku ni laki mbili. Kosa ni kuchanganya, kupiga kwa kasi ya buku halafu unampa mteja muda wa laki. Kama unataka kuhamia potreti taratibu usiache hiyo printa, anza na picha za viza na pasipoti hapohapo mtaani maana hizo ni potreti ambazo hakuna anayebishana bei. Ila ujue vipimo, mjini wanaharibu kila siku. Viza ya Marekani ni mraba, milimita 51 kwa 51, nyuma kweupe, miwani marufuku tangu Novemba 2016 hata kama mtu haoni bila miwani. Schengen 35 kwa 45. Pasipoti ya Kanada 50 kwa 70. Andika kwenye karatasi bandika ukutani. Mtu akikataliwa picha ubalozini na akaja kwako ikakubalika, huyo atakuletea ukoo mzima. Na kwenye mahafali ya chekechea kuna nini? Kuna wazazi. Mzazi mmoja ni mhasibu, mwingine nesi, mwingine ana duka la dawa. Ofisi zinapatikana hapohapo, mpe kadi.

bintitanga:
Assalam alaykum wote. Mimi nataka kuongeza upande ambao kaka zetu huwa hamuugusi. Nina studio ya wanawake tu. Mlango unafungwa, pazia zito, hakuna mwanaume anaingia hata fundi wa AC anakuja siku ambayo hakuna mteja. Wateja wangu wengi ni dada wa hijabu na nikabu, mabibi harusi, wamama wajawazito, mama na mabinti zake. Wanataka kuvua nikabu, kuachia nywele, kuvaa dera zuri au gauni la bega wazi wakapigwa picha kama watu wengine wote, ila ile picha ibaki kwao na waume zao.

Sasa biashara yangu ina tabu moja ambayo nyie hamna, SIWEZI KUPOST. Ukurasa wangu wa Instagram una picha za mikono yenye hina, migongo, vitambaa, viatu, kivuli cha mtu ukutani. Mwanzoni watu waliniambia nitakufa njaa. Wateja wangu nawapata kwa wachora hina, wapambaji wa bibi harusi, saluni zenye pazia, na mama mmoja anauza udi na mafukizo huyo peke yake ni zaidi ya matangazo yote. Kila mpambaji aliyeniletea mteja namlipa kamisheni ileile siku hiyohiyo, sisubiri mwisho wa mwezi, na kila baada ya muda nampiga yeye mwenyewe bure na mabinti zake. Mteja akifika namwonyesha albamu ya mkononi, za wale tu walioniruhusu zionwe na wanawake wenzao ndani ya studio, hiyo ruhusa wameandika na kusaini.

Na utunzaji. Picha zangu haziendi kwenye gugo draivu wala hazipiti wasap. Naediti mwenyewe kwenye kompyuta ambayo haina intaneti kabisa, namkabidhi mteja flashi ya USB mkononi na albamu, baada ya muda tuliokubaliana anachagua nifute au nimtunzie kwenye hadi diski yenye nywila. Wengi wanachagua nifute. Napoteza akiba ya picha sawa, lakini bei yangu ni karibu mara mbili ya studio za jirani na hakuna hata mmoja aliyeniomba nipunguze bei, kwa sababu wanacholipia ni ule mlango uliofungwa.

Dada zangu mnaosoma hapa, soko hili halijashibishwa Tanga wala Dar wala Zanzibar wala Mombasa. Tatizo tupo wachache.

MzeeWaFlashi:
Mashallah dada, hii komenti ni uzi unaojitegemea. Mimi nimeshapoteza wateja wangapi bila kujua 😅 wakinipigia kuuliza kama nina mpiga picha wa kike nitawaleta kwako.

Kevo254:
Salamu kutoka Nairobi wadau. Dada @bintitanga hiyo ya kusainiwa ruhusa umenena, na mimi niwaambie wenye wanachukulia hii kitu mchezo. Huku Kenya tuko na Data Protection Act ya 2019, na mwaka 2023 ofisi ya kamishna wa data ilipiga klabu moja ya Nairobi faini ya Sh 1,850,000 kwa sababu ilipost picha ya mteja mtandaoni bila ruhusa yake. Shule moja nayo ikapigwa Sh 4,550,000 kwa kupost picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Hizo ni shilingi za Kenya, zidisheni wenyewe. Na nyinyi Tanzania mko na sheria yenu ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 na tume yake, kwa hivyo msicheke sana.

Ingine ambayo wapiga picha wengi huku hawajui. Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya 2001, kazi ikiagizwa na mteja, hakimiliki inahesabika imehamia kwa huyo aliyeagiza, isipokuwa mmeandikiana vingine. Unapiga CEO potreti poa, wanaiweka bilbodi Mombasa Road mwaka mzima, unaenda kuuliza unaambiwa ulilipwa. Na kweli ulilipwa. Kwa hivyo karatasi iseme: picha ni ya kutumika wapi, kwa muda gani, matangazo ya bilbodi ni bei tofauti, na mimi nina haki ya kuitumia kwa kazi zangu au sina. Ukurasa mmoja tu, usiandike kama katiba.

Kijana_wa_Mbagala:
Kwa hiyo hata za ubarikio nisipost?

Kevo254:
Za watoto wadogo msee waulize wazazi kwanza, tena kwa meseji ili ibaki. Wengi watakubali tu.

MamaVipodozi:
Niingilie kidogo, mimi ni mekapu artisti, nafanya na wapiga picha kila wiki. Kaka zangu mnapotupigia simu semeni mapema kama mnatumia flashi! Kuna poda zile nyeupe za kumalizia, kwa macho zinaonekana safi kabisa, ikipiga flashi mteja anatoka na utando wa majivu chini ya macho kama ametoka kwenye unga. Tukijua kuna flashi tunaziacha. Na fondesheni tunaipima shingoni na kifuani sio kwenye kiganja, msituharakishe hapo maana uso ukiwa rangi yake na shingo rangi yake mnaanza kutulaumu sisi.

Halafu jambo la pili linaniuma. Acheni kuwaweupisha wateja kwenye kuediti. Nimekaa saa nzima natafuta rangi ya dada wa watu, namkuta kwenye picha amekuwa kama ametoka Ulaya.

tajiri_mtoto:
Lakini si wateja wenyewe ndio wanaomba? "Kaka ning'arishe kidogo"

MzeeWaFlashi:
Wanaomba ndio, na mimi nina jibu langu. Mtu mweusi anaomba ang'arishwe kwa sababu kila picha aliyowahi kupigwa imemtoa mweusi wa moshi, macho na meno tu ndio yanaonekana. Hajawahi kuona rangi yake ikiwa imepigwa vizuri. Kamera inapima mwanga kwa kudhani kila kilicho mbele yake ni kijivu cha kati. Ukimsimamisha mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe kamera inaona weupe mwingi inapunguza mwanga, uso unazama. Ukimuweka mbele ya pazia jeusi inafanya kinyume, inamuunguza. Kwa hiyo weka manyuo, kamera isijiamulie mwanga yenyewe, pima usoni kwake, mambo ya nyuma yatajipanga.

Na ngozi nyeusi usiipige kama unajaza ndoo, eti uongeze tu mwanga mpaka ijae. Inang'aa, ndio uzuri wake. Chukua oktaboksi kubwa, isogeze karibu kabisa mpaka inakaribia kuingia kwenye fremu, igeuze kidogo isimtazame mtu moja kwa moja, ule ukingo wa mwanga upite shavuni. Utaona mfupa wa shavu, taya, kitu chenye umbo. Mafuta kidogo kwenye mabega. Ukimwonyesha ile picha kwenye skrini ya nyuma ya kamera wengi wanasahau kabisa habari ya kung'arishwa. Akiendelea kusisitiza naongeza mwanga kidogo, rangi siigusi.

Na hili sio la kujitungia. Filamu za rangi za Kodak kwa miaka mingi zilipimwa maabara kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, kadi za Shirley wanaziita, rangi yake ikitoka vizuri basi mashine iko sawa. Waliokuja kulalamika mpaka wakasikilizwa ni pamoja na watengeneza chokoleti na wauza fanicha za mbao, kwamba kahawia zao zote zinatoka kahawia moja. Chokoleti ilisikilizwa kabla yetu, sijui nicheke au nilie.

Mwana_Forodhani:
Mie naandika kutoka Unguja. Nimesoma yote nikawa nangoja mtu ataje print hajataja tena, @MzeeWaFlashi ulisema utarudi hujarudi sheikh.

Hapa Mji Mkongwe tuna Capital Art Studio, ilifunguliwa 1930 na mzee Ranchhod Oza, baadae mwanawe Rohit akaiendeleza. Watu wanaingia mpaka leo kutazama picha za kale na kununua. Zile ni karatasi. Kama mzee yule angelikuwa anawapa watu picha kwa simu leo kusingelikuwa na kitu ukutani. Na mwengine ni Seydou Keïta wa Bamako, Mali, kafungua studio yake 1948, anapiga uwani kwa mwanga wa jua, nyuma katundika kitambaa chenye maua, mara nyingi negativu moja tu kwa mteja kwa kuwa vifaa ghali. MOJA. Sisi tunapiga mia nne tunatoa kumi. Alikuwa na suti, saa, redio, pikipiki ya vespa, hata gari yake mwenyewe, mteja anachagua apigwe nayo. Wateja walikuwa foleni. Kisha 1991 picha zake zikaonyeshwa New York na pembeni pameandikwa mpiga picha hajulikani! Mtu yuhai, yuko kwao Bamako, negativu zake maelfu ziko kwake. Mpaka watu wakamtafuta, na 1994 akafanyiwa maonyesho yake mwenyewe Paris.

Basi enyi wa dijitali, kwenye kamera kuna sehemu ya kuandika jina la mwenye picha, likajiandika ndani ya kila faili. Ni dakika moja kuiweka. Wangapi mmeiweka?

MzeeWaFlashi:
Hahaha umenishika, ndio narudi. Print. Naiweka ndani ya bei ya kikao kwa makusudi. Mteja akisema hataki print anataka softikopi tu, bei ni ileile, kwa hiyo anaichukua. Inatundikwa sebuleni. Wageni wanakuja, wanauliza nani kakupiga. Nyuma ya fremu kuna stika yangu na namba ya simu, na hapo nimepata wateja wengi kuliko nilivyowahi kupata kwa kulipia tangazo lolote. Sasa ile ya kwanza ikishakaa ukutani wanaanza kuuliza ya pili, mtoto amezaliwa, bibi amekuja kutoka kijijini, na print za pili na tatu hizo wanazilipia na faida yake ni nzuri kuliko kupiga. Tafuta maabara moja ya kuprinti mzoeane, skrini yako irekebishwe ifanane na karatasi zao, usihamehame.

Kingine cha print, nisiseme sana, kuna siku familia inakuja kutafuta picha ya mzee wao ya kuweka mbele msibani na wana picha ya kitambulisho tu. Kama ulimpiga na unayo faili, unaprinti usiku huohuo. Mimi hiyo sichaji. Kwa hiyo tunza faili sehemu mbili tofauti, moja isiwe ndani ya studio.

Kijana_wa_Mbagala:
Mkuu na misimu je? Mimi Januari huwa nalala kabisa

MzeeWaFlashi:
Januari kila mtu analala, ada za shule. Tumia kutengeneza vitu na kuzifuata ofisi, wao Januari wana bajeti mpya. Kwaresima na Ramadhani sherehe zinapoa, zikigongana ndio kabisa, ila wiki ya Idi jipange familia zinakuja zimevaa sare, weka vikao vifupi vya nusu saa. Novemba na Desemba majoho. Na Desemba hiyohiyo kuna kitu watu hawakioni, Wachaga wanapanda Moshi. Familia nzima iko sehemu moja, babu, wajukuu kutoka Marekani, wote wamependeza, hiyo nafasi ni mara moja kwa mwaka. Mimi napanda nao, napanga kabla kuanzia Oktoba, nyumba hadi nyumba, taa ya betri begani. Mwanga wa asubuhi kule migombani huhitaji hata kuediti sana.

Na mwaka wa uchaguzi, wagombea. Kuanzia udiwani kwenda juu wote wanataka picha ya bango, suti, kofia ya chama, uso wa huruma kidogo. Ni kazi ya nusu saa na hawabishani bei. LAKINI hapo usichukue nusu, chukua yote kabla hajakaa kwenye kiti. Mtu akishaangushwa kura za maoni ndani ya chama simu yako haipokei tena.

Kevo254:
😂😂😂 hiyo ya wagombea iko hivyo hata huku

bintitanga:
Wanawake wagombea nileteeni mimi.

Kijana_wa_Mbagala:
Wakuu la mwisho nisiwachoshe, nimepata kachumba ka mita tatu kwa nne hapa karibu na stendi, bakigraundi ninunue ile ya karatasi au kitambaa, na rangi gani?

MzeeWaFlashi:
Karatasi rola kamili ina upana wa mita 2.72, kwenye chumba chako itakula ukuta wote na kila ikichafuka unakata unatupa, hela inaondoka. Nenda Kariakoo nunua kitambaa kizito cha pamba kisichong'aa, mwambie fundi cherehani ashone juu njia ya kupitisha bomba, kitundike kiteremke mpaka sakafuni. Kijivu. Mteja ukimuweka mbali nacho na taa isikifikie kinakuwa karibu cheusi, ukikiwekea taa yake kinapanda kinakaribia weupe, kwa hiyo umenunua kimoja umepata vitatu. Nyeupe ya viza chukua bodi nyeupe ya foam (lile povu gumu) ya mita moja inatosha, mtu anakaa kwenye stuli. Na huo upande wa mita nne ndio upigie, usipigie upande wa tatu, utakosa pa kurudi nyuma na hiyo lenzi ya 50.